Viwavi weusi kwenye sesbania: nipulize dawa au niwaache?

Swali la msomaji, mkulima wa wilaya ya Uyui, Tabora:

"Shikamoo mtaalamu. Nimepanda sesbania robo eka, nia yangu ni kupumzisha shamba na kupata majani ya mbuzi wangu wa maziwa. Miche niliihamisha kutoka kitaluni mwanzoni mwa Desemba. Haikupita muda nikaona mende wadogo wa mviringo kwenye majani, na sasa kuna viwavi weusiweusi wamejazana. Miche mingine imebaki vijiti. Nina dawa ya tumbaku iliyobaki msimu uliopita, je, nipulize? Watahamia kwenye mahindi na maharage? Jirani ananiambia niing'oe yote. Na mbuzi wakila majani yenye wadudu hao watadhurika? Baadaye nilitaka hapo nilime tumbaku."

Marahaba. Hiyo dawa ya tumbaku irudishe ulikoitoa, na sesbania, mti huu wa kurutubisha udongo na kulisha mifugo, usiing'oe. Sababu nitazieleza, lakini kwa kuwa miche yako inaliwa leo hii, nianze na kazi ya kesho asubuhi.

Ingia shambani mapema, jua likiwa bado halijawa kali na wadudu wakiwa wazito. Chukua beseni lenye maji na sabuni kidogo ya unga. Inamisha mche juu ya beseni, upige kwa kiganja mara mbili tatu. Wale mende wa mviringo wana tabia ya kujiachia wakishtuliwa: wanakunja miguu na kuanguka kama waliokufa. Kwenye nyasi tabia hiyo huwaokoa, maana hutawaona tena. Juu ya beseni ndiyo inayowamaliza. Wale weusi wadogo hawaanguki kirahisi, ila hukaa kwa kundi kwenye jani moja, kwa hiyo chuma jani zima ulitumbukize. Kisha geuza majani yaliyobaki uangalie upande wa chini. Ukiona mayai yamepangwa pamoja kwa fungu, chuma na hilo jani. Fungu moja lina makumi ya mayai, kwa hiyo jani moja unaloliondoa leo ni kundi zima ambalo halitakusumbua wiki ijayo.

Robo eka kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja ni kama miche 1,000. Watu wawili wanaimaliza bila shida, na watoto wakishaonyeshwa mayai yalivyo huwa wepesi kuyaona kuliko sisi. Rudia kila baada ya siku nne au tano, kwa sababu mayai uliyoyapita yatakuwa yameanguliwa. Endelea hivyo mpaka miche ivuke urefu wa goti na kuanza kutoa matawi ya pembeni. Baada ya hapo unaweza kupumua.

Sasa tumjue huyu mdudu. Mende wako ni mbawakawa wa majani, na kwa maelezo yako karibu nina hakika ni yule anayeitwa kitaalamu Mesoplatys ochroptera. Ni mwenyeji wa Afrika, na kwenye sesbania ndiye mharibifu mkuu kuanzia Ethiopia na Kenya, kupita kwetu, mpaka Malawi na Zambia. Wale weusi unaowaita viwavi ni watoto wake, yaani mabuu. Mzazi na mtoto wanakula jani lilelile la mti uleule. Ndiyo maana unawakuta pamoja, tofauti na kipepeo ambaye kiwavi wake anakula majani ilhali mwenyewe anakunywa maji matamu ya maua.

Natumia neno mabuu si kwa sababu ya kupenda ualimu. Wakulima wengi tangu 2017, viwavijeshi wa Amerika walipoingia nchini, wakiona kitu cheusi kinatambaa karibu na mahindi roho inaruka. Chukua mmoja umweke kiganjani, umtazame kwa utulivu. Kiwavijeshi ana miguu mitatu ya kweli kila upande karibu na kichwa, halafu katikati ya tumbo na mwishoni ana vimiguu vinene vya nyama vya kushikia. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba. Buu wa mbawakawa ana miguu sita tu kule mbele. Tumbo lake halina vimiguu vya katikati. Ncha ya mkia ndiyo anayoigandisha kwenye jani anapotembea. Mwili wake mfupi, mnene, umebinuka mgongoni. Ukishaiona tofauti hiyo mara moja huwezi kuwachanganya tena.

Tofauti hiyo ina faida ya mfukoni pia. Dukani kuna dawa za kibaiolojia za viwavi, zile zinazotengenezwa kwa bakteria anayeitwa kwa kifupi Bt. Aina inayouzwa zaidi inaua viwavi wa nondo na vipepeo. Ukimpulizia mbawakawa umepoteza hela yako, naye ataendelea kula.

Swali lako la mahindi na maharage ndilo jepesi kuliko yote. Hawahamii. Mdudu huyu ni mchaguzi mno: chakula chake ni sesbania na ndugu zake wa karibu sana. Mahindi hayali. Maharage, ingawa ni jamii ya kunde kama sesbania yenyewe, hayashambulii. Ukimkuta ametua kwenye jani la haragwe, anapumzika njiani. Njaa ikimzidi atatafuta sesbania nyingine au atajificha, na buu aliyeishiwa majani juu ya mche atashuka atambae kwenda mche wa jirani. Hapo ndipo wengine wanapowaona chini kati ya mistari ya mahindi wakadhani vita imehamia upande wa pili.

Ametoka wapi, na kwa nini wewe? Nenda mbugani, pale maji yanaposimama masika, au kandokando ya mto. Sesbania za porini zipo huko, moja hapa, tatu kule, na mbawakawa huyu amekuwa akiishi nazo tangu enzi. Huko humwoni akifanya maajabu. Mti mmoja unaliwa, wa pili unaponea kwa kuwa uko mbali, na wadudu wanaomla yeye wapo karibu. Sisi tumekuja kuuchukua mti wake, tukaupanda 1,000 kwenye robo eka moja, wote umri mmoja, laini, wiki moja, wakati uleule ambao mvua inamtoa mafichoni. Ni sawa na kuandaa karamu mlangoni kwa mtu halafu kushangaa amekuja.

Wakati wa kiangazi mbawakawa wazima hujificha, chini ya takataka za majani na magome, wakingoja. Mvua zikikolea wanatoka wakiwa na njaa ya miezi, wanakula, wanapandana, majike wanataga. Mayai yanaanguliwa kwa siku chache. Mabuu wakishiba wanashuka kwenye udongo, wanageuka pupa huko chini, kisha wanatoka wakiwa mbawakawa wazima. Mzunguko mzima, kwa joto letu la msimu wa mvua, ni kama mwezi mmoja. Kwa hiyo hao unaowaona Januari ukiwaacha wote washuke ardhini salama, utarajie wimbi jingine mwezi unaofuata. Utakapokuwa unapalilia, usisite kuchimbua kidogo chini ya miche iliyoliwa sana. Pupa wakitolewa juani, sisimizi na kuku wanajua la kufanya. (Kuku wapitie tu kwa muda mfupi, na majani ya sesbania msiyachanganye kwenye chakula chao, kwa vifaranga hasa hayafai kabisa, yanawadumaza na hata kuwaua. Kwa mbuzi na ng'ombe ni habari nyingine.)

Utafiti wa kina kuhusu mdudu huyu umefanyika kwa jirani zetu, mashariki mwa Zambia. Kituo cha Msekera, karibu na Chipata, wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, walikuwa wakihimiza wakulima kulipumzisha shamba kwa sesbania kwa miaka 2 badala ya kuliacha lote liwe pori. Mahindi yaliyofuata yalizidi kwa mbali yale ya shamba lililolimwa mfululizo bila mbolea. Nchini mwetu, kazi kama hiyo ilifanywa hapo hapo kwenu, kituo cha Tumbi. Hali ya hewa ya Chipata na ya Tabora zinafanana: msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Kwa hiyo yaliyoonekana kule yanatuhusu moja kwa moja.

Jambo kubwa lililoonekana ni kwamba sesbania haiumizwi sawasawa katika umri wote. Madhara makubwa ni ya miezi ya mwanzo tangu kupandwa. Mche wenye majani kumi ukinyang'anywa yote, unatumia akiba ndogo iliyo kwenye shina kuchipua upya, na ukinyang'anywa mara ya pili hauna cha kutumia. Hapo ama unakufa, ama unadumaa na kuzidiwa na magugu. Mti wa mita moja na nusu ukiliwa nusu ya majani yake, wiki chache mbele hukumbuki ulikuwa upi. Sesbania ni mti wenye haraka kweli. Ikiwa na maji na jua inakua mbele ya macho yako.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu anazungumzia "kumtokomeza" mdudu huyu. Huwezi, mbuga iko pale. Unachohitaji ni kuivusha miche salama katika miezi miwili au mitatu ya kwanza.

Twende kwenye dawa. Najua ilivyo Tabora: msimu wa tumbaku ukiisha, kila nyumba ina chupa au pakiti iliyobaki, na mkono unawasha kuitumia. Nina sababu tatu za kukukataza, na ya kwanza ndiyo nzito. Majani hayo ni chakula cha mbuzi wa maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto. Dawa iliyosajiliwa kwa tumbaku ilipimwa kwa tumbaku. Hakuna maandishi kwenye kibandiko chake yanayokuambia usubiri siku ngapi kabla ya kumlisha mnyama majani ya sesbania. Ukikisia, unakisia kwa maziwa ya wanao. Ya pili, pupa wako chini ya udongo na mayai yako chini ya majani. Dawa inayopulizwa juu inawaangusha waliopo leo, wiki ijayo unarudia, na wiki ile nyingine tena.

Ya tatu inahitaji nikuonyeshe kitu. Simama kwenye mche mmoja ulioliwa, usiguse, tazama kwa dakika kadhaa. Kuna uwezekano mkubwa utaona mdudu mwenye umbo la ngao, jamii ya kunguni, amesimama kimya karibu na kundi la mabuu. Wengi wanamuua kwa kudhani naye anafyonza mti. Mtazame mdomo. Wale wanaofyonza mimea wana mrija mwembamba kama uzi. Huyu mrija wake ni mnene, imara, na anaweza kuunyoosha mbele. Anamsogelea buu polepole, anamdunga, kisha mara nyingi anamwinua juu akining'inia kwenye ncha ya mdomo ili asipate pa kushikia, na anamfyonza hapo hapo mpaka inabaki ngozi. Kule Zambia wameorodhesha kadhaa wa aina hii wanaomla mbawakawa wetu, akiwemo Glypsus conspicuus na Macrorhaphis acuta. Kuna pia nyigu mdogo sana, Perilitus larvicida, anayetaga ndani ya buu, na mtoto wake anamla buu kutoka ndani. Ongeza sisimizi, vunjajungu na buibui. Hawa wote dawa ya tumbaku inawaua, na kwa kawaida wao huchelewa kurudi kuliko mbawakawa. Ukipulizia shamba lako Januari, wimbi la Februari litalikuta halina askari.

Kwa hiyo hata unapookota kwa beseni, ukimwona huyo mwenye ngao akiwa na buu mdomoni, mwache aendelee na chai yake.

Kuna wakati naulizwa kwa nini serikali isilete adui wa mdudu huyu kutoka nje, kama ilivyofanyika kwa lusina. Lusina ni mti wa Amerika ya Kati, na chawa wake wa majani, aliyetoka huko huko, aliingia Afrika Mashariki 1992 akakausha machipukizi kuanzia Pwani kuja bara. Alikuja peke yake bila maadui zake, hivyo kuwafuata nyigu waliomzoea na kuwaachia huku kulikuwa na mantiki. Mbawakawa wa sesbania hakuja kutoka kokote. Maadui zake wako mbugani pamoja naye, wamechelewa tu kufika kwako. Kazi yako ni kutowafukuza wakifika.

Mwarobaini? Unasaidia kiasi, hasa kwa mabuu wadogo, kwa kuwa unawafanya wasusie jani. Kama unao karibu, twanga mbegu zake, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ya kushikisha, nyunyiza jioni. Mvua ikinyesha usiku umeanza upya, na hilo lisikukatishe tamaa wala lisikushangaze. Majivu nayo, hadithi ni hiyo hiyo: yakiwa makavu juu ya jani yanawakera, yakilowa yameisha. Kwa robo eka mimi ningetegemea beseni, na mwarobaini ningeuweka kwa ile mistari iliyoshambuliwa zaidi.

Utupa watu wanausifu, na ni kweli majani yake yana sumu ya wadudu. Lakini ndiyo ileile inayolewesha samaki mtoni. Kwa majani ya kulishia mbuzi, achana nao.

Kuhusu mbuzi kula majani yenye mabuu: majani yaliyotobolewa hayana ubaya, ila kung'uta tawi kabla hujampa mnyama. Watu husikia kwamba kuna mabuu wa mbawakawa wenye sumu ya kuua, na si uzushi. Kule Kalahari, Namibia na Botswana, Wasani huchimba mabuu wa Diamphidia kwenye udongo chini ya miti ya jamii ya manemane, na sumu yao wanaipaka kwenye mishale ya kuwindia. Huyo naye ni mbawakawa wa majani, naye anashuka ardhini kama wako, na mti wake ni wake peke yake kama huu ulivyo wa huyu. Undugu wao unaishia kwenye ukoo. Mbawakawa wa sesbania hana sifa hiyo. Nakuambia ukung'ute kwa usafi tu, na kwa sababu mbuzi mwenyewe hapendi kutafuna wadudu. Ataacha tawi zima. Pia usimpe sesbania tupu. Protini yake ni nyingi, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito mkavu wa jani, kwa hiyo iwe nyongeza juu ya nyasi, na umzoeshe kidogo kidogo.

Wala usianze kukata sasa. Miche iliyoliwa inahitaji kila jani lililobaki. Subiri mti uvuke urefu wako, na hata hapo usiukate chini. Sesbania si kama mlonge au gliricidia. Ukiikata karibu na ardhi mara nyingi inakufa. Kata matawi ya pembeni, au shina kwa urefu wa kiuno, na kila mara acha majani kadhaa chini ya mkato.

Jirani yako anayesema ung'oe nimemwelewa, kaona vijiti. Lakini kwaruza gome la kijiti kwa ukucha. Ndani kukiwa na kijani na unyevu, mche uko hai na utachipua, mradi tu walaji wameondolewa. Kukiwa na rangi ya kahawia na ukavu, huo ndio wa kung'oa na kuzibia pengo. Natumaini kitaluni kulibaki akiba. Kama ipo, ikague kwanza majani kwa chini, maana kitalu kinachomwagiliwa karibu na bonde ndicho sesbania ya kijani pekee kwa mbali wakati wa kiangazi, na mayai husafiri na miche kutoka kitaluni kwenda shambani bila nauli. Mapengo ya Januari bado yanaweza kuzibwa. Ya mwisho wa Februari usijisumbue, mvua zilizobaki hazitatosha kuipa mizizi kina. Weka mbaazi hapo.

Na msimu mwingine mbaazi uziweke tangu mwanzo, mistari miwili ya sesbania kwa mmoja wa mbaazi. Sisemi kwamba mchanganyiko utamzuia mbawakawa. Faida ninayoiona ni kwamba mwaka atakaokuja kwa nguvu, shamba halibaki tupu, na mbaazi utakula. Kingine ni kuhamisha miche mikubwa. Mche wa urefu wa futi moja na ushei, uliopandwa mvua za kwanza za uhakika, unaingia kwenye hatari ukiwa na akiba mara kadhaa ya ule wa kidole. Anza kitalu Septemba, usingoje Oktoba iishe. Mbegu zitumbukize kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, kisha uziloweke kwenye ya baridi usiku kucha. Ganda lake gumu bila hivyo zinaota kwa kupishana na unapata miche ya umri wa kila aina.

Nimeliacha la tumbaku mwisho kwa kuwa, kusema kweli, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko mbawakawa.

Sesbania inafuga minyoo fundo. Ni minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye mizizi na kuifanya ivimbe kama shanga. Sesbania yenyewe inaweza kuonekana nzuri tu, majani mazito, huku mizizi imejaa vinundu na minyoo wanaongezeka msimu hadi msimu. Kisha unaikata, unaweka tumbaku, na tumbaku ni moja ya mazao yanayoumizwa sana na minyoo hao. Nyanya, bamia na maharage vivyo hivyo. Shamba unalodhani umelirutubisha linakupa tumbaku ya njano, fupi, inayonyauka mchana hata udongo ukiwa na maji, na watu wanaanza kulaumu mbolea.

Usichanganye vinundu hivyo na vile vizuri vya nitrojeni, maana sesbania inavyo vyote viwili. Ng'oa mche mmoja kati ya ile iliyokufa, uoshe mizizi taratibu kwenye ndoo. Kinundu cha nitrojeni kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi. Ukikisukuma kwa ukucha kinatoka, na ukikipasua, kikiwa kinafanya kazi, ndani ni cha waridi au chekundu. Kivimbe cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Hakitoki bila kuukata mzizi, na ndani hakina wekundu. Ukikuta vya waridi vingi, furahi. Ukikuta mizizi mingi imevimba kama shanga, basi tumbaku isiguse hapo moja kwa moja baada ya sesbania.

Mahindi ndiyo yaifuate sesbania. Yanaitumia nitrojeni vizuri, na kama shamba lina kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, sesbania itakuwa imekipunguza. Tumbaku ipe eneo lingine, na kabla yake panda marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, ambao minyoo fundo hawastawi kwenye mizizi yake. Marejea nayo ina nondo wake, watoto wake wanaweza kuipukutisha majani, lakini hilo tutalizungumza ukifika huko. Mbuzi usiwape marejea.

Kama ulishapanga kabisa kwamba robo eka hiyo lazima iwe ya tumbaku msimu ujao au unaofuata, hapo ndipo ushauri wa jirani unapata uzito: si kwa ajili ya mbawakawa, bali kwa sababu ulichagua mti usiofaa kwa zao hilo. Uhamishie miche iliyo hai kwenye mpaka wa shamba la mahindi au kandokando ya bonde, ambako hata maji yakisimama wiki mbili yenyewe haijali, ukaifanye ya mbuzi tu. Ihamishe siku ya mawingu, na bonge la udongo kwenye mizizi, na beseni uende nalo.